Mkono Uliokataa Mkanda

Katika miaka ile ya wakimbizi kazi yangu ilikuwa kupima mikono. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha lishe, na katika kituo cha mapokezi kilichokuwa mwendo mfupi kutoka Lusahunga nilikaa kutwa nzima kwenye benchi, nikizungusha utepe wa rangi tatu kwenye mikono ya watoto waliokuwa wamevuka mpaka na mama zao. Utepe ukisoma kijani, mtoto aliendelea na mgawo wa kawaida. Ukisoma njano, aliandikiwa uji wa ziada. Ukisoma nyekundu, alipandishwa gari la kwanza kwenda hospitali ya kambi, upande wa Ngara. Ulikuwa utepe mwembamba kuliko kidole changu, lakini niliuamini kuliko nilivyowaamini watu wengi. Niliona kwa dhati kabisa kwamba dunia ingekuwa na haki zaidi kama kila jambo lingekuwa na utepe wake.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara uliohamia bara kutoka pwani tangu enzi za babu yake. Alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara ya Rusumo, akiwapikia madereva wa malori wali na nyama. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti iliyolingana nao, na mikono yake, kuanzia begani hadi kiwikoni, ilikuwa mipana kiasi kwamba alipopunga kumwita mteja, nyama ya chini ilichelewa kidogo kutulia baada ya mkono wenyewe kutulia.

Mama huyo alikuwa na shauku moja. Kituo chetu kilikuwa kimetangaza nafasi ya msimamizi wa jiko, naye aliitaka. Aliniambia sababu siku moja akichambua mchele, bila kuinua macho. Wiki ile ya kwanza watu walipofurika barabarani kwa miguu, kabla hata turubai moja halijafika, yeye alimimina mchele wake wote sufuriani na kwa siku tatu hakuuza sahani hata moja, aligawa tu. Baadaye wenye magari walifika, wakajenga jiko la bati, wakaajiri wapishi, na sasa uji wa watoto ulikuwa ukiungua.

"Naunusa kutoka hapa, mwanangu," alisema. "Kila siku saa nne. Mtoto mgonjwa hanywi uji ulioungua."

Alikuwa anasema kweli. Niliwaona watoto wakifumba midomo mbele ya kikombe, na katika ripoti zangu niliandika kwamba hawana hamu ya kula.

Fomu ya maombi ilidai mwombaji apimwe afya: macho, kimo, uzito na presha. Nikamsindikiza zahanati. Tabibu alikuwa kijana mpole, mwenye mwandiko ulionyooka. Macho yalipita, kimo kikapita, uzito ukaandikwa kwa heshima na kwa sauti ya chini. Ukabaki mkanda wa presha, kile kitambaa chenye mfuko wa hewa ndani, ambacho huzungushwa juu ya kiwiko na ncha zake hunasana zenyewe bila kifungo. Mara ya kwanza ncha hazikukutana. Mara ya pili mama alivuta pumzi na kuibana, kama vile mkono nao una tumbo, na ncha zikashikana kwa upana wa ukucha. Tabibu alipojaza upepo, mkanda ulifunguka kwa sauti ya nguo inayochanika, na mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni akajikagua mgongoni. Mara ya tatu ilikuwa hivyo hivyo.

"Andika tu, daktari," mama alisema. "Presha yangu naijua. Ni nzuri."

Tabibu akanitazama. Hapa sina budi kukiri kwamba mimi ndiye niliyejibu. Nilisema kwamba fomu ni sawa na kiapo, kwamba namba isiyopimwa ni uongo, na kwamba jiko la wenye shida haliwezi kuanza kwa uongo. Nilisema kwa ufasaha. Mama alinitazama kama mtu anayetazama sufuria inayofurika mbele yake na mikono yake imeshika kitu kingine.

Ili haki itendeke kikamilifu, niliomba mkanda ujaribiwe kwangu. Ulinasa vizuri, ukajaa, ukasoma. Tabibu akaongeza kuwa ulikuja katika sanduku la misaada, ukiwa mpya, na kwamba umemfunga kila mgonjwa tangu siku hiyo. Basi tukakubaliana, sisi wasomi wawili, kwamba mkanda ni mzima na kosa ni la mkono. Siku ya kufunga maombi ilikuwa bado wiki saba.

Tulipofika mlangoni mwa nyumba yake mama akaniambia, "Umenifungia mlango, bibie. Sasa nitafutie ufunguo." Nikaahidi kwamba baada ya wiki saba mkono wake utaingia.

Niliianza kazi kwa utaratibu niliofundishwa. Kwa mazoea nilitoa ule utepe wa watoto, nao ukaishia kabla haujafika nusu ya safari. Mama aliutazama bila chuki, akasema kwamba hata huo utepe hauna habari naye. Nikavuka barabara kuazima futi ya fundi cherehani. Fundi alisema futi yake haitoki bila yeye, kwa hiyo akaja nayo, akageuzwa kuelekea ukutani kwa ajili ya adabu, akawa anauliza akiwa ameutazama huo ukuta: ngapi? Mkono wa kushoto, ukining'inia, katikati ya mfupa wa bega na kiwiko: sentimita thelathini na tisa. Fundi aliuambia ukuta kwamba amewahi kumshonea suruali mwanaume mwenye paja pungufu ya hapo. Kufika jioni, Lusahunga yote iliijua namba hiyo.

Mama alikuwa na sharti. Alitaka kupungua mikono tu; mashavu aachiwe, na vyote vilivyo chini ya mabega viachwe kama vilivyo. Nilimwelewa. Miaka ile mwanamke aliyekonda ghafla hakupongezwa. Watu walipunguza sauti akipita, wakaulizana kama ameshakwenda kupima. Na mpishi anayekonda anawafukuza wateja, kwa sababu nani atakula chakula ambacho mwenye nacho hakili? Hata hivyo ilinipasa kumweleza ukweli wa kisayansi: mwili huchukua mafuta pale unapotaka wenyewe, wala mazoezi ya kiungo kimoja hayaondoi mafuta ya kiungo hicho peke yake.

"Mimi nakata nyama mwaka wa ishirini sasa," alinijibu. "Mafuta ya mbuzi nayatoa ninapotaka mimi, si anapotaka mbuzi."

"Mbuzi huyo amekufa, mama."

Akafikiri. "Haya," akasema. "Basi twende polepole."

Nilimpunguzia mafuta ya kukaangia na sukari ya chai, nikamwandikia mazoezi kutoka katika daftari langu la chuo: kunyoosha mikono pembeni na kuizungusha, kisha kuiinua juu na kuishusha, mara ishirini, na kopo la mafuta ya kula katika kila kiganja. Alianza asubuhi moja mbele ya kibanda, kabla wateja hawajafika. Sikuwa nimefikiria jinsi jambo hilo linavyoonekana kutoka barabarani. Basi lililotoka Nyakanazi lilipunguza mwendo, likasimama. Konda akaruka chini na kuuliza mizigo iko wapi. Nyuma yake lori likasimama pia, dereva akidhani kuna ajali mbele, na nyuma ya lori, lori jingine. Mama, kwa kuwa walikwisha simama, akawauzia chai. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu madereva walishazoea, wakawa wanapita wakimpigia honi, na habari ikafika Nyakanazi kwamba Lusahunga sasa kuna mama anayeongoza magari.

Tukahamia uani. Huko alivumilia siku tatu, kisha akayaweka makopo chini.

"Naliinua kopo, nalishusha," alisema. "Limekwenda wapi? Lipo hapo hapo. Hii ni kazi gani, mwanangu?"

Nilianza kumweleza kuhusu msuli wa nyuma ya mkono, jinsi unavyokazwa ili ngozi isibaki ikining'inia mafuta yanapoondoka. Aliyenikatiza ni jirani, aliyekuwa akitutazama kupitia mwanya wa uzio tangu siku ya kwanza na ambaye, nadhani, alikuwa amefurahi vya kutosha. Alikuwa Mkristo, mkulima mwenye shamba na ng'ombe kuelekea Nyamigogo. Alikuja kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, katika wimbi la wakimbizi la zamani ambalo vijana kama mimi tulilisoma tu, na sasa aliwatazama wakimbizi wapya kwa huruma ya mwenyeji.

"Jirani," akasema, "mikono yako haina ugonjwa. Iko likizo."

Akamwalika akasuke maziwa. Kwao siagi hupatikana kwa kibuyu kikubwa wanachokiita igisabo: mwanamke huketi juu ya mkeka, hunyoosha miguu, hukilaza kibuyu chenye maziwa kwenye mapaja, kisha hukisukuma na kukivuta, kukisukuma na kukivuta, mpaka kilichomo ndani kibadili sauti. Jirani alikuwa na maziwa mengi na kiuno kilichomuuma. Mama alikwenda kesho yake asubuhi, akarudi jasho linamtiririka na uso umemng'aa. Hapo kopo halikurudi mahali pake. Hapo palikuwa na siagi.

Kila Jumamosi nilipima, fundi akiwa ameutazama ukuta wake. Thelathini na nane na nusu. Thelathini na nane. Thelathini na saba. Nilichora mstari kwenye karatasi ya mirabaraba na kuubandika ukutani chumbani kwangu. Nilipouona ukiteremka nilijisikia mtu mwenye manufaa. Nilianza hata kumwandikia mwalimu wangu wa chuo barua ndefu kuhusu kuoanisha sayansi na kazi za jadi. Jumamosi ya nne mkono ulisoma thelathini na saba na nusu. Jumamosi ya tano ulisoma thelathini na nane.

"Unapanda," fundi aliuambia ukuta.

Barua ilibaki mezani. Nilichunguza, na sikuchunguza kwa muda mrefu, kwa sababu mama hakuficha kitu. Kila asubuhi baada ya kusuka maziwa, jirani alimpa kikombe kikubwa cha mtindi, kisha akamfungia bonge la siagi katika jani la mgomba. Nalo bonge liliishia kwenye wali wa madereva, ambao ilikuwa lazima mama auonje. Nilimhutubia hapo hapo jikoni. Nilizungumza juu ya nidhamu, juu ya watoto wa kituoni waliokuwa wakimngojea bila kujua, juu ya wiki mbili zilizobaki. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga. Halafu akaufuta mkono wake wa kushoto kwa khanga, akaninyooshea.

"Shika," akasema.

Kwa wiki tano nilikuwa nimeupima mkono ule na sikuwa nimewahi kuushika. Nikaubonyeza. Haukubonyea. Akaupunga kama anayemwita mteja, kisha akausimamisha, na safari hii nyama ya chini ilisimama pamoja nao.

"Hiyo futi yenu," akauliza, "inajua hii nyama na haya mafuta?"

Jibu nilikuwa nalo, katika daftari la mwaka wa pili, nimelipigia mstari kwa wino mwekundu: kipimo cha mzingo hujumlisha mfupa, nyama na mafuta bila kuvitofautisha. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nami nililipata. Mafuta yalikuwa yamepungua kweli, na kama nilivyomwonya, hayakupungua mkononi tu. Gauni lilikuwa likimcheza kiunoni. Hata mashavu yalikuwa yametoa kodi kidogo, na wateja walianza kumzungumzia kwa ile sauti ya chini. Yeye hakujibizana na mtu. Dereva akiuliza mara mbili kama mama hajambo kweli, alibeba sufuria iliyojaa kutoka mafigani hadi mezani peke yake, akaiweka mbele ya aliyeuliza.

Tulirudi zahanati siku mbili kabla ya kufungwa kwa maombi. Jirani alifuatana nasi, akisema kwamba mkono ule una jasho lake pia. Benchi lilikuwa limejaa, na waliokuwapo mara ya kwanza walikuwa wamewasimulia waliokuwa hawapo. Tabibu alizungusha mkanda. Ncha zilipandana kwa upana wa vidole viwili. Akabonyeza mara moja, mbili, tatu, nne. Sindano ya saa ya presha ikaanza kupanda. Mama, kwa kukaza moyo, akakunja ngumi, na ule msuli tulioutafuta kwa wiki saba ukainuka chini ya mkanda. Mkanda ulibanduka na kuanguka sakafuni.

Benchi zima lilicheka. Mimi mwenyewe nilikaribia kucheka, mpaka nilipomtazama mama. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Sikuwahi kuyaona yameshuka, hata siku ile niliyosimama hapo hapo na kuhutubu juu ya uongo.

"Basi, mwanangu," alisema taratibu. "Nimejitahidi."

Akainama, akauokota mkanda ili amrudishie tabibu, na kwa mazoea ya mpishi akaugeuza kuona upande wa ndani, kama mtu anayeangalia mfuniko aliopewa na jirani.

"Huu mfuniko," akauliza, "ni wa sufuria gani?"

Ndani palikuwa na mistari miwili na maandishi yaliyofifia, ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Katikati ya mistari palikuwa na namba mbili. Kumi na nane. Ishirini na sita. Niliitazama, na masikio yakaanza kupata moto. Futi ya fundi ilikuwa mfukoni mwangu; siku ile tu alikubali itoke bila yeye. Nikauzungushia mkono wangu mwenyewe: ishirini na tatu. Nikaomba mkono wa tabibu: ishirini na tano. Mzee mmoja kwenye benchi, mkulima, akanyoosha wa kwake bila kuombwa: ishirini na nne. Mkanda ule ulikuwa umemfunga kila mgonjwa wa zahanati ile kwa sababu wagonjwa wote walikuwa wembamba. Nilikuwa nimeupima mkono wa mama kila Jumamosi, nikauchorea mstari, nikauombea dua, na haikunijia hata mara moja kuupima mkanda.

"Mama," nilisema, na sikuwa na ufasaha wowote, "mkanda huu umeshonewa mikono midogo. Pengine ni wa watoto wakubwa."

"Yaani ni wako."

"Ndiyo, mama. Ni wangu."

Jirani akaketi kwenye sakafu ya saruji ili acheke vizuri. Tabibu, ambaye lazima nimpe haki yake, aliomba radhi mbele ya watu wote, akaandika barua kwa mwandiko wake ulionyooka na kuituma kwa gari la kituo hadi hospitali ya kambi. Mkanda mpana ulifika kesho yake. Uliuzunguka mkono wa mama bila kulazimishwa na ukanasa kwa utulivu. Tabibu alisikiliza, akarudia kusikiliza, akasema ni presha ya msichana. Akaandika namba. Ilikuwa namba iliyopimwa. Mama alisema tu kwamba alituambia, na hilo lilikuwa kweli.

Waliompa kazi hawakuuliza juu ya mikono. Siku yake ya kwanza niliketi kwenye benchi langu na utepe wa rangi tatu, na ilipofika saa nne niliinua pua kwa mazoea. Hakuna kilichokuwa kikiungua. Nikaenda kuchungulia jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya pipa la uji, ameshika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, anausukuma na kuuvuta, anausukuma na kuuvuta, kama yuko juu ya mkeka wa jirani. Watoto wa njano walikuwa wameshika vikombe. Mmoja alikuwa ananyoosha chake mara ya pili.

Wakati huo nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kutokula mchana ilhali napima mikono ya wenye njaa, na niliamini hakuna aliyeijua. Mama aliniita mbele ya wapishi wote. Akatoa futi mfukoni mwa aproni yake. Jinsi alivyoipata kwa fundi, sijui. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akauachia uning'inie, akatafuta katikati ya bega na kiwiko kama nilivyomfundisha.

"Ishirini na mbili na nusu," aliwatangazia wapishi. "Umeshuka. Huyu mwandikieni uji wa ziada."

Nilipinga. Nilisema uji ule ni wa watoto, na kwamba ni suala la msingi. Alinikubalia kabisa kwamba uji ni wa watoto. Kisha akafungua kikapu chake mwenyewe na kutoa sahani ya wali iliyofunikwa, ambayo siagi yake niliinusa kabla haijafunuliwa.

"Huu ni wa kwangu," alisema. "Kaa."

Nikakaa, nikala, na alisimama pale mpaka nilipomaliza. Jumamosi iliyofuata alinipima tena. Fundi cherehani alikuwapo, ameutazama ukuta, akiuliza ngapi.